Shangazi wa Ng'ambo ya Mto: Luninga moja, ndimi mbili, na twiga mlangoni

Sikupanga, lakini barua nne za mwezi huu zimegongana mahali pamoja, kwa hiyo nimeziweka kwenye sinia moja. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Naishi Kehl, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Rhine. Ukivuka daraja tu, uko Strasbourg, Ufaransa. Tangu Aprili 2017 tramu inavuka pia, nami huweka maharage jikoni Ujerumani, nikaenda kununua samaki Ufaransa, nikarudi yakiwa bado hayajalainika. Miaka sita niliishi kwa kazi ya kuandika yale maneno yanayopita chini ya filamu, kutoka Kijerumani kwenda Kifaransa na kurudi. Basi barua hizi zimenikuta nyumbani kwangu.

*Shangazi, salaam kutoka Muheza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Binti yangu ameolewa Freiburg. Mjukuu wangu wa miaka tisa ananiambia kwa simu kwamba Jumapili jioni wanaangalia televisheni ya "Wajerumani na Wafaransa pamoja". Kwao wanaisikia kwa Kijerumani, na akienda kwa rafiki yake ng'ambo anaisikia kwa Kifaransa, kipindi kilekile. Mimi nimefundisha vita vya 1870, vya 1914 na vya 1939 miaka thelathini. Televisheni hiyo ni ya nani, na hao wanakubaliana vipi juu ya cha kuonyesha?*

Shikamoo mwalimu. Mjukuu hajakudanganya. Inaitwa ARTE, na makao yake makuu nayaona nikipita na tramu nyingine kuelekea Bunge la Ulaya. Jumba la vioo kando ya mto Ill. Mlangoni pamesimamishwa sanamu ya mtu aliyevaa suruali na shati kama karani, ila shingo na kichwa ni vya twiga. Ni kazi ya mchongaji Mjerumani, Stephan Balkenhol. Mara ya kwanza kumwona nilicheka peke yangu barabarani: nimetoka nchi ya twiga, nimevuka bahari, twiga kanitangulia.

Kwa kuwa umefundisha historia, nitaanzia hapo. Mkataba wa kuianzisha ulitiwa saini tarehe 2 Oktoba 1990. Angalia tarehe hiyo, mwalimu. Saa chache baadaye, usiku wa manane, Ujerumani mbili zikawa moja. Kwa upande wa Ufaransa ilisaini serikali. Kwa upande wa Ujerumani walisaini majimbo kumi na moja ya magharibi, wala si serikali kuu ya Bonn, kwa sababu baada ya 1945 mambo ya redio na televisheni yaliwekwa mikononi mwa majimbo, asitokee tena mtu mmoja wa kuishika redio ya taifa zima na kuifanya kipaza sauti chake. Ndiyo maana televisheni hii ya nchi mbili, ukiisoma kwenye karatasi, ni ya nchi moja na majimbo ya nchi nyingine. Matangazo yalianza tarehe 30 Mei 1992.

Mji wenyewe ulichaguliwa kwa makusudi. Fikiria mwanamke aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1865 akafariki 1945. Alizaliwa Mfaransa. Mwaka 1871 akafanywa Mjerumani, baada ya 1918 Mfaransa, 1940 Mjerumani, na mwishoni mwa 1944 Mfaransa tena. Uraia umebadilika mara nne naye hajahamisha hata kitanda. Bibi wa namna hiyo walikuwapo wengi hapa, na wajukuu zao ndio majirani zangu.

Sasa, wanakubaliana vipi? Kuna nyumba tatu. Moja iko upande wa Paris, moja iko Baden-Baden kwa niaba ya mashirika ya umma ya ARD na ZDF, na ya tatu ni hapa Strasbourg, ambako mapendekezo ya pande zote yanakutana na kupigiwa kura. Nimewahi kukaa mezani na watu waliofanya kazi humo. Wanasema ugomvi wa siasa kubwa ni nadra. Ugomvi ni wa mambo madogo, na mkongwe kati ya yote ni saa ya kula.

Usicheke. Ujerumani taarifa ya habari ya televisheni ya taifa huanza saa mbili kamili usiku na kuisha saa mbili na robo. Dakika hiyohiyo filamu inaanza, nchi nzima imekwishakula, maana chakula cha jioni ni mkate, jibini na matango, wala jiko halikuwashwa. Ufaransa habari nayo ni saa mbili, lakini inajivuta na kujivuta, watu bado wana sahani mbele yao, na filamu huanza kama saa tatu hivi, au hata baada ya hapo. Ukianzisha filamu saa mbili na robo, Mfaransa yuko kwenye supu. Ukingoja, Mjerumani amekwishakwenda stesheni nyingine. Mwanzoni walijaribu kuwalazimisha wote waanze kwa wakati mmoja. Mwisho wakaamua kila nchi ianze kwa saa yake, wakatenganisha ratiba. Miaka ya mikutano, mwalimu, kwa ajili ya mkate na supu! Siku hizi intaneti imewapunguzia mzigo: tangu 2007 walipofungua huduma ya kutazama baadaye, kila mtu anakula kwanza.

Kipindi cha Jumapili anachokisema mjukuu bila shaka ni *Karambolage*. Kilianza 2004, na aliyekibuni ni Claire Doutriaux, mama wa Kifaransa aliyeishi Ujerumani. Jina hilo kwa lugha zote mbili ni ajali ya magari mengi kuparamiana, tofauti ni K ya Wajerumani na C ya Wafaransa. Ni kama dakika kumi tu, michoro inayotembea na sauti ya mtu akieleza. Hawaelezi mshairi Goethe wala Napoleon. Wanachukua kitu: kikombe, kifutio cha shule, neno, namna ya kufungua barua. Mfaransa anaeleza kitu cha Wajerumani kilichomshangaza, Mjerumani anaeleza cha Wafaransa, na mwenye kitu anajiona kwa mara ya kwanza kwa macho ya jirani.

Nikupe mfano wangu mwenyewe, usiotoka kwenye kipindi chochote. Wafaransa wana neno *vasistas*, yaani kidirisha kidogo cha juu ya mlango. Limetoka kwa Wajerumani, "was ist das?", maana yake "nini hicho?" Mtu aliuliza jina la kitu, na swali lake likageuka kuwa jina. Nilipomsimulia jirani yangu Mjerumani alicheka, kisha akaniuliza kama Kiswahili nacho kimewahi kuokota kitu kwao. Nikamwambia: shule. Na hela. Alidhani namtania. Ilibidi nimwonyeshe picha ya sarafu ya heller ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanza kutumika 1904, mia moja kwa rupia moja. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema shuleni kwao hawakufundishwa kwamba huko waliwahi kuwapo.

Mwisho wa kila kipindi cha *Karambolage* kuna fumbo. Inaonyeshwa picha ya mtaa, na mtazamaji atambue: ni Ujerumani au ni Ufaransa? Mwambie mjukuu akufundishe. Wanangu walijua hila zote kabla hawajajua kusoma sawasawa. Msalaba wa kijani unaowaka ni duka la dawa la Ufaransa, herufi A nyekundu ni la Ujerumani. Sanduku la posta halikusaidii, kote ni njano. Kijimtu chenye kofia kwenye taa ya waenda kwa miguu ni cha Ujerumani iliyokuwa ya Mashariki. Ukisikia jogoo, Mjerumani anamsikia akisema *kikeriki*, Mfaransa *cocorico*. Binti yangu aliamua siku nyingi kwamba jogoo wa Tanga ni Mfaransa, kwa kuwa naye anasema kokoriko, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

*Shangazi, mimi ni mkazi wa Temeke. Nimesikia hao ARTE hawana matangazo ya biashara. Nani analipa? Mimi naona ni Wazungu kuchezea pesa.*

Wanalipa wananchi. Ujerumani kila nyumba hutoa euro 18.36 kwa mwezi kwa redio na televisheni zote za umma, na kipande kidogo cha fedha hizo ndicho kinakwenda ARTE. Ufaransa walikuwa na ada ya namna hiyo, wakaifuta 2022, sasa zinachotwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Watazamaji si wengi ukilinganisha na stesheni kubwa: Ufaransa ni karibu asilimia 3 ya utazamaji wote, Ujerumani ni asilimia 1 na ushei. Kuna mzaha wa zamani Ufaransa kwamba ukimuuliza mtu jana alitazama nini, atakwambia ARTE, na huku alikuwa anatazama mpira. Mimi nalipa na sijutii. Nikilalamika, huwa ni kuhusu bei ya tramu.

*Jambo Mama. Nakuandikia toka Lubumbashi. Kifaransa nakijua vizuri, nimekisoma tangu utotoni, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Nataka kujifunza Kijerumani, sina fedha za kwenda kwenye kituo. Rafiki amenionyesha tovuti ya ARTE, ila filamu zingine zinakataa kufunguka, na zile zinazofunguka maneno ya chini hayafanani na yanayosemwa. Nakosea wapi?*

Jambo sana mwanangu. Hukosei popote, na wewe una mtaji ambao mwenzako wa Dodoma hana. Kifaransa chako ni mlango ulio wazi tayari.

La kwanza, zile zinazokataa. Haki za filamu za kuigiza mara nyingi zinanunuliwa kwa ajili ya Ufaransa, Ujerumani na jirani zao tu, na mtambo ukiona unatokea Kongo unafunga. Usipoteze mega zako kugonga mlango huo. Nenda kwenye makala na vipindi vifupi, vingi vinafunguka popote. ARTE wana pia chaneli za YouTube, ya Kifaransa peke yake na ya Kijerumani peke yake. Utaona na lugha nyingine pale kwenye tovuti: Kiingereza na Kihispania viliingia 2015, Kipolandi 2016, Kiitaliano 2018. Hizo ziache kwa sasa, zitakupotezea njia.

La pili ndilo lililonilisha miaka sita, kwa hiyo nivumilie nikiongea sana. Maneno ya chini hayafanani na sauti kwa sababu hayawezi kufanana. Mistari ni miwili, kila mmoja una nafasi ya herufi kama arobaini hivi, na jicho linahitaji muda wa kusoma kabla picha haijabadilika. Mtu akisema kwa kasi maneno thelathini, sisi tunaweka kumi na tano. Tunakata "kwa kweli", tunakata "kama nilivyosema", tunakata hata utani kama unahitaji maelezo. Wakati huohuo aliyetia sauti ya Kijerumani juu ya filamu ya Kifaransa ana shida nyingine: anatafuta maneno yanayolingana na midomo ya mchezaji. Kwa hiyo umepata tafsiri mbili za watu wawili, kila mmoja amekata pake. Ukisikiliza Kijerumani kilichotiwa na kusoma Kijerumani cha chini kwa pamoja, utadhani unaugua.

Dawa ni hii. Usitumie filamu. Tafuta makala ambazo sauti inasimulia tu na hakuna midomo ya kufuatwa. Kuna kipindi cha ramani kiitwacho *Le Dessous des cartes*, kwa Kijerumani *Mit offenen Karten*. Kilibuniwa na Jean-Christophe Victor, ambaye alikifanya hadi kifo chake mwishoni mwa 2016, na tangu 2017 anakiendesha Émilie Aubry. Ni dakika kumi na kitu, mtu anaongea taratibu, na ramani iko mbele yako inakusaidia. Tazama mara moja kwa Kifaransa ujue hoja. Kesho yake tazama kilekile kwa Kijerumani, bila maandishi. Utaelewa robo, inatosha. Siku ya tatu washa yale maandishi ya Kijerumani waliyowekewa viziwi, maana hayo hufuata sauti kwa karibu zaidi, na usimame kila sentensi. Andika kitenzi peke yake kwenye daftari. Nasema kitenzi kwa sababu Mjerumani ana tabia ya kukificha mwishoni, unabaki umeshika mtu, gari, daraja na saa ya asubuhi, hujui yamefanywa nini mpaka afunge mdomo. Wewe uliyezoea "nimekwishawaambia", neno moja lenye mtu, wakati na tendo, utateseka mwezi wa kwanza. Wa pili utaanza kukitarajia kile kitenzi kama mtu anayengoja basi.

Na utakapokuwa Ulaya ukaingia sinema, utaona nchi hizi mbili zinavyotofautiana. Mjerumani amezoea filamu ya kigeni itiwe sauti ya Kijerumani moja kwa moja, na wachezaji wakubwa wa Marekani kila mmoja ana Mjerumani wake wa kumsemea miaka yote. Mfaransa naye hutia sauti, lakini wale wanaojiona wapenzi wa sinema hutaka "VO", sauti ya asili na maandishi chini, na bango la filamu litaandikwa hivyo. Sisi tulikuwa na njia ya tatu: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, mtu mmoja juu ya filamu nzima, anatafsiri, anachamba, anawapa wachezaji majina ya mtaani. Niliwahi kumwonyesha bosi wangu wa zamani. Alishika kichwa. Dakika kumi baadaye alikuwa anacheka na haelewi hata neno moja.

*Shangazi shikamoo. Niko Hamburg, mwenzangu yuko Dar es Salaam. Tunataka kuanzisha televisheni yetu ndogo ya mtandaoni kwa Kiswahili na Kijerumani, kuunganisha tamaduni za nchi mbili. Tumeshagombana kabla ya kuanza. Mimi nataka tuanze na mahojiano na mabalozi na maprofesa kuhusu utamaduni. Yeye anataka kila mtangazaji achanganye lugha zote mbili kwenye sentensi moja ili "kila mtu apate". Na fedha hatuna. Tuamue.*

Marahaba wanangu. Mmekosea wote wawili, na mmekosea kwa moyo mzuri.

Nianze na mwenzako wa Dar. Kuchanganya lugha mbili kwenye sentensi moja ni raha kwa mtu anayezijua zote mbili. Mimi na wanangu nyumbani tunaongea hivyo, "Mama, leo ugali au Abendbrot?", yaani ule mkate wa jioni. Lakini mtazamaji wa Mbagala asiyejua Kijerumani atapata nusu ya kila sentensi, na bibi wa Altona, hapo Hamburg, atapata nusu nyingine. Yale ya ARTE yametufundisha jambo hili: kila mtu aongee lugha yake kikamilifu, kwa raha yake, na kazi ya kuvusha ifanywe na maandishi au sauti ya pili. YouTube siku hizi inawaruhusu watengenezaji wengi kuweka sauti ya lugha nyingine kwenye video hiyohiyo, mtazamaji achague. Msipoipata hiyo, tengenezeni video mbili. Na msitegemee maandishi ya mashine kwa Kiswahili bila mtu kuyapitia. Mimi nimeyaona yakigeuza "kaa" wa baharini kuwa amri ya kukaa chini.

Wewe wa Hamburg, achana na mabalozi. Balozi atakwambia uhusiano ni mzuri. Mtazamaji anajua atakachosema kabla hajafungua mdomo, anafunga yeye. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, hilo litajeni mara moja kwenye utambulisho kisha msilirudie. Mna kitu kikubwa zaidi: samaki. Nenda Fischmarkt, soko la samaki la Hamburg, Jumapili alfajiri. Wakati wa kiangazi linafunguliwa saa kumi na moja asubuhi na kufungwa saa tatu na nusu. Simama mbele ya wale wauzaji wanaopiga kelele juu ya magari, wanajaza mfuko, wanaongeza samaki juu, wanaongeza mwingine, wanamtukana mnunuzi kwa mapenzi hadi anatoa pesa. Siku hiyohiyo mwenzako awe Feri, Magogoni, kwenye mnada, dalali akipandisha bei ya fungu la samaki kwa kasi ambayo mgeni hawezi hata kusikia tarakimu. Wekeni hizo mbili pamoja bila maelezo. Kisha mpeni dalali wa Feri simu aitazame ya Hamburg, atoe maoni. Mpeni muuzaji wa Hamburg atazame ya Feri. Maoni yao ndiyo kipindi. Profesa mtamhitaji baadaye, kwa dakika mbili.

Kuhusu heshima, hapo ndipo tafsiri yenu itafeli au kufaulu. Wajerumani wana *du* kwa mtu wa karibu na *Sie* kwa wa mbali, Wafaransa wana *tu* na *vous*, na mipaka yao hailingani. Kazini Ujerumani siku hizi vijana wanaitana *du* hata na bosi, Mfaransa bado yuko kwenye *vous*. Nimewahi kukaa nusu saa juu ya neno moja nikijiuliza baba na mkwe wake wamefikia *tu* au bado. Kiswahili kina mpaka wa tatu kabisa, umri. Kijana wa Hamburg akimwambia mzee wa Feri "Guten Tag", mkiandika "Habari za mchana" chini, mzee wetu ametukanwa na mtazamaji wa Dar atamchukia kijana wa watu bila kosa. Andikeni "Shikamoo". Si neno alilolitamka, ni kitu alichokusudia. Lakini kijana akiwa mkorofi kweli, msimpambe. Acheni "habari" ibaki, mtazamaji ataelewa.

Mtafika na kwenye yale mazito, hamna budi. Jenfeld, hapohapo Hamburg, kuna michongo ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki iliyosimamishwa enzi za Wanazi, na uwanja ulioizunguka umeleta mabishano makali tangu ulipofunguliwa 2003. Msianze nao. Anzeni na hela. Neno moja, sarafu moja, dakika tatu: mama ntilie wa Kariakoo anahesabu hela, kisha heller yenyewe juu ya meza. Mtazamaji wa Kijerumani atadhani mnamtania, kama jirani yangu alivyodhani. Halafu mwulizeni mzee wa Kilwa hela hizo zilitafutwa kwa nini. Atataja kodi ya nyumba, atataja kulimishwa pamba kwa nguvu, na kabla hamjajua mko Umatumbi mwaka 1905 na Majimaji imeanza. Mtazamaji wenu atakuwa amefika huko kwa miguu yake.

Fedha. Kamera ya simu inatosha, kipaza sauti hakitoshi. Picha mbaya watu wanaivumilia, sauti mbaya hawaivumilii, na upepo wa Feri hauna huruma. Pesa ya kwanza mtakayoipata nunueni vipaza sauti vidogo viwili vya kubana kwenye nguo, na vile vifuniko vyake vya manyoya. Ya pili mlipeni mtu wa kupitia tafsiri. Mimi niliwahi kufanya kazi ya miezi mitatu kwa kampuni ndogo iliyoniahidi "jina lako litaonekana mwishoni". Lilionekana kweli, limekosewa herufi mbili, na malipo hayakuonekana. Msimfanyie mtu hivyo.

Na vipindi viwe vifupi. Dakika sita. Mkiona mmefika kumi na mbili, mna vipindi viwili.

Nimebaki na nafasi kidogo, nami nimemwahidi mwalimu wa Muheza fumbo la kumtega mjukuu. Juzi nilipiga picha mtaani. Nani ajuaye, ni Kehl au ni Strasbourg? Sanduku la posta la njano ukutani. Mtoto ana mkate mrefu kwapani, lakini mikate mirefu huku inauzwa pande zote mbili, msiufuate. Alama ya duka la dawa imefunikwa na mti. Kituo cha tramu, jina halisomeki. Dirishani bango la sinema, filamu ya Kijapani, na pembeni limechapwa kwa herufi ndogo "VO". Majibu yaletwe kwa anwani ya jarida, na mkiweza semeni mmejuaje.